Hojaji, Kaya na Kauli: Njia ya Mtafiti wa Elimu Kutoka Kariobangi

Kariobangi ni mtaa uliozoea kuhesabiwa. Wakazi wake, kuanzia Kariobangi North inakopakana na Korogocho hadi Kariobangi South iliyo karibu na Barabara ya Outer Ring, wamewaona wengi wakipita na makaratasi: karani wa sensa, mhudumu wa chanjo, wakala wa mwanasiasa, na hasa kijana mwenye kitambulisho kifuani na hojaji mkononi, ambaye hubisha hodi Jumamosi nguo zikifuliwa na kuuliza mtoto wa nyumba hiyo yuko darasa la ngapi. Jambo ambalo halijaandikiwa vya kutosha ni kuwa kijana huyo, mara nyingi, ni mwana wa mitaa iyo hiyo. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, kazi ya kukusanya data imekuwa mojawapo ya milango ambayo vijana wa Eastlands hupitia wakitafuta riziki baada ya masomo. Ni mlango unaofunguka haraka na kufungwa haraka. Mradi ukiisha, kitambulisho hurudishwa. Je, nyuma ya mlango huo mna ngazi, au mna ukuta? Hilo ni swali linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani, kama itakavyobainika.

Mwaka 2002 kituo cha utafiti cha APHRC, chenye makao yake Nairobi, kilianzisha mfumo wa kuwafuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani. Walihusishwa watu wapatao 60,000, na wakusanyaji data walikuwa wakirejea katika kila kaya baada ya kila miezi minne ili kuandika ni nani amezaliwa, ni nani amefariki na ni nani amehama. Mfumo huo ulikuwa umeanza tu wakati serikali mpya ya Kenya ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, Januari 2003. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takribani milioni 5.9 mwaka 2002 hadi takribani milioni 7.2 mwaka 2003. Serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hizo zikapelekwa katika shule za umma.

Ingetarajiwa basi kuwa shule ndogondogo za mabati katika mitaa ya mabanda zingefungwa, kwa maana ni mzazi gani maskini atakayelipa karo ilhali bure ipo? Kuanzia mwaka 2005, utafiti wa elimu wa APHRC ulilinganisha maeneo manne ya Nairobi: Korogocho na Viwandani kwa upande mmoja, Harambee na Jericho kwa upande mwingine. Uliyoyapata yaliwaduwaza wengi. Watoto wa Harambee na Jericho, mitaa yenye mipango na mishahara, walikuwa kwa wingi katika shule za umma, zile za bure. Watoto wa mabanda ndio waliokuwa katika shule za kulipia kwa kiasi kikubwa. Ripoti iliyotolewa na kituo hicho mwaka 2013 ilionyesha kuwa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shule za msingi walikuwa katika shule za kibinafsi za karo ya chini. Sababu zilizotajwa na watafiti ni pamoja na uchache wa shule za umma karibu na mabanda, msongamano wa madarasa baada ya 2003, na imani ya wazazi kwamba mwalimu wa shule ndogo humwona mtoto. Kwa ufupi, ile shilingi 1,020 haikumfuata mtoto maskini kule alikokuwa akisoma.

Matokeo hayo yalitiwa sahihi na wasomi wa hadhi, na wanastahili sifa zao. Lakini msomaji na ajiulize: ni nani aliyesikia habari hizo kwanza, kabla ya kuwa jedwali? Ni yule aliyebisha hodi.

Yupo binti mmoja wa Kariobangi South ambaye safari yake inafaa kufuatwa. Jina lake si hoja. Baba yake ni fundi wa chuma katika karakana za Light Industries. Mama yake anauza mboga. Alisomea ualimu wa Kiswahili na historia, akahitimu, akajisajili na Tume ya Huduma kwa Walimu, kisha akaanza kungoja kama wangojavyo maelfu ya walimu wa nchi hii. Katika kungoja huko akasikia kuwa taasisi moja inatafuta vijana wanaojua mitaa ya mabanda na wanaosema Kiswahili vizuri. Alifunzwa kwa siku chache, akapewa viatu vya mvua na mwavuli, akatumwa kazini kwa malipo ya kila siku.

Alichokiona kwanza ni kuwa hojaji ilikuwa imetafsiriwa na mtu asiyewahi kuishi kwenye ploti. Neno *kaya* lilirudiwa katika kila ukurasa. Katika Pwani ya Kenya, kaya ni makao matakatifu ya Wamijikenda, misitu ambayo UNESCO iliiorodhesha katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Katika vitabu vya takwimu, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Katika Kariobangi kijana ana *keja*, mama ana nyumba, na hakuna mwenye kaya. Alipouliza "Mkuu wa kaya ni nani?", shosho mmoja alimjibu kwa upole, "Mwanangu, mkuu wa hapa ni landilodi." Jibu hilo halikuwa na nafasi ya kuandikwa, ingawa kwa hakika ya mambo shosho alikuwa amesema kweli tupu kuhusu mamlaka ya ploti ile.

Tafsiri hiyo ilikuwa na vituko vingine. Mtafsiri alikuwa ameita kile ambacho watakwimu hukipima na ambacho thamani yake hubadilika, *kigeugeu*. Katika Nairobi kigeugeu ni mtu asiyeaminika, na darasa zima la mafunzo lilicheka kila lilipoambiwa kuwa umri wa mama ni kigeugeu.

Lililokuwa zito zaidi ni swali la shule. Hojaji ilitaka kujua kama mtoto "anahudhuria shule". Sasa, mtoto aliyetumwa nyumbani Jumatatu kwa sababu ya karo, akakaa wiki mbili, na ambaye mama yake anatarajia atarudi mwisho wa mwezi, je, anahudhuria au hahudhurii? Mama atasema anahudhuria, kwani kusema vinginevyo ni kumkatia mwanawe tamaa. Karani ataandika "ndiyo". Jedwali litaonyesha mahudhurio mazuri. Kisha hojaji iliuliza kama shule ni "ya serikali" au "ya kibinafsi". Akina mama waliokuwa na watoto katika shule za mabati walisita. "Ya kibinafsi ni ya watu wa magari," mmoja alieleza. "Wangu anasoma pale kwa Mwalimu." Wakusanyaji wengine, wakiharakisha ili watimize idadi ya siku, waliandika "ya serikali", maadamu haikuwa ya watu wa magari. Binti huyu aliuliza jina la shule, akaandika "ya kibinafsi", na pembeni akaandika kwa kalamu: *mama haiiti hivyo*.

Tafsiri yenye kasoro katika riwaya humpotezea msomaji ladha. Katika hojaji ya elimu, neno moja lililokosewa huwahamisha watoto mia kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine, na fedha za madawati zikafuata safu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa kitanda ni lugha, na waliokilalia ni wale wanaolipwa kwa siku. Binti alipopeleka maelezo yake ya pembeni kwa msimamizi, aliambiwa kuwa hojaji ilikuwa imekwisha kuidhinishwa na haiwezi kuguswa. Ripoti ilipochapishwa, wakusanyaji data walishukuriwa kwa pamoja katika sentensi moja, baada ya madereva.

Wengi huachia hapo. Ikumbukwe kuwa ngazi ya taaluma hii ina vidato vinavyojulikana: mkusanyaji data, msimamizi wa kikundi, mhariri wa data, mchanganuzi, mwandishi, kiongozi wa mradi. Kidato kilichovunjika ni kile kati ya msimamizi na mchanganuzi. Mtu anaweza kusimamia vikundi kwa miaka kumi, akajua kila kichochoro cha Korogocho, na asivuke, kwa sababu upande wa pili wanaulizwa shahada ya uzamili, programu za takwimu na makala zilizochapishwa. Kandarasi za miezi mitatu mitatu hazimpi nafasi ya kuvipata. Isitoshe, vijana wa lugha wana hofu ya hesabu waliyoibeba tangu shule ya upili, nao huamini kuwa jedwali ni mali ya watu wa uchumi. Hofu hii idara za Kiswahili zimeilea. Mwanafunzi anaweza kufika hadi uzamili akichambua lugha ya mitaani kwa mifano kumi aliyoisikia garini, na asiulizwe hata mara moja sampuli yake ilipatikanaje.

Binti huyu alivuka kwa njia ndefu. Jioni baada ya kazi alibaki ofisini akimsaidia mhariri wa data kusafisha makosa, akajifunza Stata kwa kutazama bega la mwingine. Alijisajili kwa shahada ya uzamili, akilipa karo kwa vipande. Tasnifu yake aliiandika kuhusu lugha ya hojaji, akilinganisha majibu ya wazazi walioulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti. Wapo walimu waliosema hiyo si isimu, na wapo watakwimu waliosema hiyo si takwimu. Kwa kuwa hakuwa na kwenu katika kambi yoyote, alilazimika kusoma za zote mbili, na huenda hilo ndilo lililomfaa zaidi.

Hapa panafaa kutajwa juhudi iliyoonyesha mapema kwamba lugha si pambo la utafiti wa elimu. Mwaka 2009 ilianzishwa Uwezo, juhudi ya Kenya, Tanzania na Uganda iliyochukua mfano wa ASER ya India, ambayo ilianza mwaka 2005. Wazo lake halikuwa gumu: mtoto afuatwe nyumbani, na badala ya kumuuliza mzazi kama mtoto anasoma, mtoto apewe karatasi asome. Nchini Kenya watoto wa umri wa miaka 6 hadi 16 walipewa majaribio ya kiwango cha darasa la pili kwa Kiswahili, Kiingereza na hesabu. Waliowapima walikuwa watu wa kujitolea wa maeneo yao wenyewe. Matokeo ya kwanza yalipotolewa mwaka 2010 iligunduliwa kuwa watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ya darasa la pili. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa imehesabu watoto walioingia darasani. Sasa ililazimika kuhesabu waliotoka na kitu.

Mwanaisimu akiyatazama majaribio hayo ataona kazi ya wenzake. Jaribio la Kiingereza lilianza na herufi, la Kiswahili likaanza na silabi, kwa kuwa mtoto wa Kiswahili hujifunza *ba, be, bi* kabla ya kujua *b* ni nini. Huo ulikuwa uamuzi wa kitaaluma uliohitaji mtu anayeijua lugha. Vipo vipimo vingine vya kusoma vinavyohesabu idadi ya maneno ambayo mtoto husoma kwa dakika moja, na hapo mitego ni mingi. *Alipomwambia* ni neno moja katika Kiswahili. Mwingereza atahitaji manne kusema vivyo hivyo. Mtoto wa Kariobangi akisoma maneno thelathini ya Kiswahili kwa dakika, akalinganishwa na mtoto aliyesoma maneno hamsini ya Kiingereza, atatangazwa kuwa amebaki nyuma ilhali huenda amesoma silabi nyingi zaidi. Kosa la namna hii haliwezi kuonekana na mtu anayejua takwimu peke yake. Ni kosa linalomngoja mwanafunzi wa mofolojia.

Waliouongoza mwendo huu wanaweza kuwa kioo kwa vijana. Dkt. Sara Ruto alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta kabla ya kuiongoza Uwezo nchini Kenya. Baadaye aliongoza mtandao wa PAL, unaoziunganisha nchi za mabara kadhaa zinazowapima watoto kwa njia hiyo hiyo, akawa mwenyekiti wa baraza la Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, na mwaka 2021 akawa Katibu Mwandamizi katika Wizara ya Elimu. Kazi ya Uwezo nchini Kenya iliendelezwa na Usawa Agenda chini ya Dkt. Emmanuel Manyasa. Katika APHRC utafiti wa elimu uliongozwa na wasomi kama Moses Oketch na Moses Ngware, Wakenya walioandika kuhusu Eastlands wakiwa ndani ya Nairobi. Wote hao walikuwa na shahada za juu walipoanza, na kwa hiyo hadithi zao hazimjibu moja kwa moja aliyeanza na mwavuli na viatu vya mvua. Hata hivyo zinaonyesha jambo moja kwa uwazi: nafasi ya kuamua swali lipi liulizwe iliwahi kushikwa na watu wa hapa, na sera ikatikiswa.

Teknolojia ilidhaniwa kuwa ingesawazisha mambo. Hojaji za karatasi zilibadilishwa na vishikwambi, na sensa ya Agosti 2019 ikafanywa kwa vishikwambi nchi nzima. Makosa ya kuandika yakapungua. Lakini ile kalamu ya pembeni nayo ikapotea: kishikwambi hakina ukingo wa kuandikia *mama haiiti hivyo*.

Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi kwa sababu ya korona, na wanafunzi wote hawakurudi hadi Januari 2021. Tafiti zikahamia kwenye simu, na nyumba isiyo na simu, au yenye simu moja inayotoka na baba asubuhi, ikatoweka katika data. Mapema Mei mwaka huo, katikati ya mvua na kafyu, nyumba za wakazi katika ardhi ya mtambo wa majitaka wa Kariobangi North zilibomolewa kwa matingatinga, na maelfu ya watu wakabaki nje. Mtafiti aliyekuwa na orodha ya kaya za sehemu kama hiyo angepiga simu na kuandika jibu lililoandaliwa: *imehama*. Ni neno sahihi kisarufi. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kilichokosekana ni kiambishi kimoja tu cha kauli ya kutendesha na kingine cha kutendwa, kwamba kaya *imehamishwa*, na mara hiyo atauliza: na nani? Hojaji haikutaka kuuliza hilo. Watoto waliokuwa chini ya mabati yale walihesabiwa pamoja na waliohama kwa hiari kwenda Kayole kutafuta vyumba vikubwa.

Binti wa Kariobangi South alikuwa wakati huo mchanganuzi mdogo katika mradi mwingine. Alipendekeza majibu ya swali la kuhama yawe matatu: amehama, amehamishwa, hajulikani. Mkutano ulichukua saa nzima. Hoja ya waliopinga haikuwa ya kipuuzi: data za miaka iliyotangulia zingeshindwa kulinganishwa na mpya, na ulinganifu wa miaka ni uti wa mgongo wa utafiti wa namna hiyo. Yeye hakujibu kwa hasira. Alionyesha kuwa majibu mapya mawili yanaweza kujumlishwa tena kuwa moja kila inapohitajika, hali jibu moja la kale haliwezi kamwe kugawanywa. Pendekezo likapita. Pengine hapo ndipo uongozi wake ulipoanza, ingawa cheo kilikuwa bado.

Leo anasimamia kikundi chake mwenyewe kinachochunguza usomaji wa watoto katika shule za mabati. Kila mkusanyaji data anayemwajiri huhudhuria kikao cha kurekebisha hojaji kabla haijaidhinishwa, na katika kishikwambi pana kisanduku tupu cha maelezo baada ya kila sehemu. Visanduku hivyo vinawachosha wachanganuzi, naye anakiri kuwa nusu ya yaliyomo ni malalamiko ya jua na mbwa. Yaliyosalia huyasoma yeye mwenyewe. Mkusanyaji akitoa hoja inayobadilisha swali, jina lake huandikwa katika ripoti mahali pa waandishi. Wapo wenzake wanaoona kuwa huko ni kushusha hadhi ya uandishi wa kitaaluma, na mabishano hayo hayajaisha.

Jambo analolipigania sasa ni dogo kwa kutazama. Tangu mwaka 2002 wakazi wa upande huu wa Nairobi wamejibu maswali mengi sana, na wachache mno wamewahi kuambiwa majibu yao yalisema nini kwa lugha wanayoielewa. Katika bajeti ya mradi wake ameweka kifungu cha kurudisha matokeo: kukodi ukumbi Kariobangi North, viti, kipaza sauti, chai na mandazi, na mfasiri wa majedwali kwa Kiswahili cha mtaa, kazi ambayo angependa ifanywe na mwanafunzi wa Kiswahili kwa malipo halali. Mfadhili ameuliza mara mbili kama chai ni ya lazima. Amejibu mara mbili kuwa ni ya lazima, na sasa anasubiri barua.